Laivu moja, skrini mbili: Kurusha wima na mlalo kwa mpigo

KAMA unapiga video kwenye harusi, ruracio, mazishi au fainali za soka mtaani, presha hii unaijua. Wazee wanataka laivu ya YouTube ili jamaa walio Marekani na Qatar watazame kwenye runinga sebuleni. Vijana wanataka TikTok, na wanaitaka sasa hivi. Runinga imelala, simu imesimama. Ukiridhisha upande mmoja, wa pili unabaki na kapicha kadogo kalikobanwa katikati ya weusi.

Wengi wamekuwa wakitumia njia ya mkato: kamera kwenye tripodi, halafu binamu fulani anasimama kando na simu. Mambo huwa fiti hadi binamu achoke mkono, apigiwe simu, au aitwe kugawa chakula bi harusi akiwa ndiye huyo anaingia. Sauti nayo ni balaa. Maikrofoni nzuri imechomekwa kwenye kamera, huku simu ikinasa umbea wa meza ya karibu.

Siku hizi binamu anaweza kwenda kula.

Kamera moja, turubai mbili

Programu ya OBS Studio, ambayo ni ya bure, ina nyongeza iitwayo Aitum Vertical inayokupa turubai ya pili. Ya kwanza ni ya mlalo, pikseli 1920 kwa 1080. Ya pili ni ya wima, 1080 kwa 1920. Kamera ni ileile na sauti ni ileile, lakini kila turubai unaipanga kivyake na kuirusha kwenye mtandao wake kwa wakati mmoja. Streamlabs Desktop pia ina huduma ya aina hiyo, inaitwa Dual Output.

Mitandao yenyewe imeamka. Mwaka 2025 YouTube ilitangaza mpango wa kuwezesha laivu za mlalo na wima kwa pamoja, watazamaji wote wakichati mahali pamoja. Mwaka huohuo Twitch ikatangaza mpango wake.

Kwa hivyo inawezekana. Kasheshe ni kuifanya ipendeze.

Theluthi mbili zinapotea

Chukua picha ya mlalo ya 1920 kwa 1080. Ukikata kipande cha wima katikati bila kupunguza kimo, unabaki na upana wa pikseli 607 hivi. Hiyo ni chini ya theluthi moja ya picha. Zaidi ya theluthi mbili zimeenda.

Sasa weka hesabu hiyo kwenye ruracio. Wazee wa upande wa mume wameketi kushoto, wa upande wa mke wako kulia, katikati kuna meza ya soda. Mtazamaji wa YouTube anaona mashauriano. Wa TikTok anaona soda.

Dawa ni kuacha kukata tu katikati. Kwenye turubai ya wima, iweke kamera ileile mara mbili: juu wazee wa kushoto, chini wazee wa kulia. Kila kisanduku kinachukua pikseli 1080 kwa 960, saizi inayotoshea ndani ya picha yako ya kawaida bila kuivuta hadi ipoteze ung'avu. Anayezungumza akiwa mmoja, kama mchungaji au MC, mpe skrini nzima.

Kamera ikiwa ya 4K, mambo ni rahisi zaidi. Kipande cha wima kitakuwa na upana wa pikseli 1215, zaidi ya 1080 unazohitaji, hivyo sura zinabaki safi.

Angalia maandishi pia. Jina la msemaji ambalo kwenye runinga hukaa vizuri chini, kwenye TikTok hufunikwa na maoni ya watazamaji. Kwenye turubai ya wima, lipandishe hadi karibu na katikati.

Bando haidanganyi

Tuseme unarusha mlalo kwa megabiti 6 kwa sekunde na wima kwa 4. Jumla ni 10. Kwa saa moja umekula GB 4.5, na sherehe ya saa tatu inameza GB 13.5. Mlalo peke yake ungetumia GB 8.1. Tofauti hiyo inatoka mfukoni mwako kama hukuiweka kwenye bei.

Kumbuka pia kwamba kinachohesabika ni kasi ya kupandisha data, wala si ile ya kushusha unayojivunia ukitazama filamu. Nenda upime pale pale sherehe itakapofanyikia, tena mapema. Halafu acha nafasi ya kupumua, kwa sababu mnara wa simu ulio mtulivu asubuhi unaweza kulemewa wageni mia tatu wakianza kuposti mchana. Kama unahitaji megabiti 10, zikipatikana 10 kamili uko hatarini.

Laptopu nayo inatengeneza video mbili kwa wakati mmoja. Ikiwa ina kadi ya michoro, iachie hiyo kadi kazi badala ya kuibebesha prosesa kila kitu. Mambo yakikaza, shusha zote mbili hadi 720p. Ikibidi, rusha mlalo pekee na urekodi wima uposti jioni. Laivu moja safi ni bora kuliko mbili zinazokwamakwama.

Usishtukiwe na masharti

Kufunguliwa kwa laivu ya kwanza kwenye YouTube kunaweza kuchukua hadi saa 24. Ukiifungulia akaunti ya mteja asubuhi ya harusi, umechoma. Ukitaka kurusha kutoka kwa simu, lazima chaneli iwe na angalau wafuasi 50. TikTok inataka mwenye laivu awe na miaka 18 au zaidi, na si kila akaunti hupewa ufunguo wa kurushia kutoka programu za nje kama OBS. Hakikisha akaunti itakayotumika inao kabla ya kupokea hela ya mtu.

Muziki wa DJ ni mtego mwingine. Wimbo wenye hakimiliki unaweza kufanya laivu ikatizwe katikati, kwa hivyo weka njia ya haraka ya kushusha sauti ya DJ na kubakisha maikrofoni.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga video wengi hulipuuza. Wima humleta mtu karibu. Mgeni aliyekuwa nukta nyuma ya hema kwenye mlalo sasa anaweza kujaza skrini nzima. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019, picha ya mtu ni data yake. Mnamo Septemba 2023, klabu moja Nairobi ilitozwa Sh1.85 milioni kwa kuposti picha ya mteja bila idhini yake. Mwombe MC atangaze mapema kwamba kuna laivu, na mtenge sehemu ambayo kamera haitafika. Mazishini, usisogelee anayelia.

Pia ina bei

Ukiweza, tafuta mtu mmoja ambaye kazi yake ni kukodolea macho turubai ya wima tu. Anayetazama zote mbili huishia kuona moja, na mara nyingi huwa ni ile kubwa. Mtu huyo analipwa, bando inalipwa, na muda wa kupanga turubai ya pili unalipwa.

Basi mteja akimaliza kuelewana nawe kuhusu YouTube, halafu akiwa anaondoka akuambie, "Na uweke TikTok pia," mrudishe aketi. Hiyo "pia" ina bei yake.