Nakala Moja Haitoshi: Namna ya Kulinda Kumbukumbu za Familia Zilizomo Kwenye Kompyuta

Katika nyumba nyingi za Unguja, kompyuta sasa ndiyo sanduku la familia. Humo zimo picha za harusi na za wazee waliotangulia mbele ya haki, nakala za vyeti vya kuzaliwa na hati za ardhi, pamoja na hesabu za duka. Mara nyingi vyote hivyo vimo katika diski moja tu, na siku diski hiyo inapoharibika, hakuna pa kuvipata tena.

Visiwa vyetu vina sababu zake za kuchukua tahadhari. Unguja hupokea umeme kutoka Tanzania Bara kwa waya uliopita chini ya bahari. Hitilafu ziliacha kisiwa bila umeme kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wa megawati 100 uliozinduliwa mwaka 2013 uliimarisha huduma hiyo. Hata hivyo, hata kukatika kwa dakika moja huweza kuharibu faili linaloandikwa wakati huo, na umeme unaporudi kwa nguvu kupita kiasi huweza kuunguza diski.

Hatari nyengine ni nyumba yenyewe. Unyevu na chumvi ya bahari hula vifaa taratibu, na mvua za masika hupenya mapaa na kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka. Tukio hilo lilikumbusha kuwa kilichohifadhiwa mahali pamoja huweza kupotea kwa pamoja.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa kompyuta duniani ni nyepesi: kuwa na nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili, na moja kati ya hizo iwe nje ya nyumba. Nakala ya kwanza ni ile iliyomo kwenye kompyuta. Ya pili iwekwe katika diski ya nje, ambayo ichomolewe mara kazi inapomalizika, kwani virusi vinavyofunga mafaili hufikia pia diski iliyounganishwa. Ya tatu ihifadhiwe mtandaoni, au katika diski nyengine kwa jamaa wa kuaminika. Anayeishi Malindi anaweza kuiweka kwa ndugu yake wa Makunduchi. Diski hiyo ifungwe kwa nywila.

Hifadhi ya mtandaoni pekee haitoshi. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu katika nyaya za intaneti za chini ya bahari za EASSy na Seacom ilidhoofisha mawasiliano Tanzania na nchi jirani, na aliyehitaji hati yake siku hiyo alikuwa na hakika nayo ikiwa tu anayo nakala nyumbani.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini akiba ya kompyuta huoza kimya kimya. Kwa hiyo, mwananchi anashauriwa kutenga siku moja kila mwezi ya kunakili mafaili mapya, kisha kufungua machache kutoka katika kila nakala na kuhakikisha kuwa yanasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa haiwezi kutegemewa.