Fahamu: Kwa nini watalii hukimbilia mashamba ya viungo, si msitu wa Masingini?

Unguja haina milima ya kuwavutia watalii. Mwinuko wa Masingini, ulio juu kuliko kwingine kisiwani, haufiki hata mita 150. Magari mengi ya watalii yanayotoka Mji Mkongwe kwenda shamba huishia Kizimbani na Kidichi: mtembezaji anakwangua gome la mdalasini, anakunusisha, kisha anapasua kungumanga uone basbasi nyekundu ilivyolizonga. Msitu mtupu hauna utamu huo. Wengi hudhani mandhari ya mashamba hayo ni ya asili. Kumbe mikarafuu ilienezwa karne ya 19 kwa jasho la watumwa, na kimbunga cha 1872 kikaiangusha mingi. Msitu wa Jozani angalau una kima punju wa kuvutia kamera. Masingini, kwa maoni yangu, inaonewa: ndiyo inayohifadhi vyanzo vya maji ya mjini.