Kabla ya Kulipia Programu ya Kurekodi Kaseti
Mlaji wa Butimba, jijini Mwanza, mwenye redio ya kaseti anaweza kuuziwa programu inayodaiwa kuhamisha muziki wa kompyuta kwenye kaseti kwa dakika chache. Tunamshauri asilipe kwa ahadi hiyo. Redio hurekodi kwa mwendo uleule wa kusikiliza: kaseti ya dakika 60 huhitaji dakika 60, yaani 30 kila upande. Programu hupanga nyimbo na kusawazisha sauti tu, kazi ambayo Audacity huifanya bila malipo. Kinachohitajika zaidi ni waya wa sauti, na redio yenye tundu la kuingizia sauti na kitufe cha kurekodi. Akimtumia fundi, asikilize pande zote mbili kabla ya kulipa, kisha adai risiti; ndiyo ushahidi wake akilalamika.