Mumiani wa Kizungu Aingia Katika Opera

Kwetu pwani mtoto aliyekawia kurudi nyumbani magharibi alitishwa kwa jina moja tu: mumiani. Wazungu nao wana wao, Dracula, aliyetungwa na Bram Stoker mwaka 1897. Sinema zimemcheza hata watu wamemchoka. Lakini tarehe 17 Julai 2021, huko Santa Fe, Marekani, katika ukumbi ulio wazi mbavuni hata upepo wa jangwa huingia, alitolewa kwa sura nyengine: katika opera, yaani mchezo ambao maneno yake huimbwa.

Muziki ni wa John Corigliano, aliyekuwa na miaka 83. Maneno ni ya Mark Adamo, na hapa ndipo penye utamu. Adamo hakukinakili kitabu. Alikiunganisha na mchezo wa kale wa Wayunani, "The Bacchae" wa Euripides, uliopita miaka 2,400. Humo Dionysus, mungu wao wa mvinyo, afika mji wa Thebes akitaka atambuliwe. Mfalme Pentheus akataa katakata, na mwishowe araruliwa na mama yake mzazi, aliyepagawa akidhani ameshika simba. Katika opera hii, "The Lord of Cries", Dracula aliyefika London ni Dionysus yule yule amerejea, na daktari Seward ndiye Pentheus.

Aliyemwimba Dracula ni Anthony Roth Costanzo, mwanamume mwenye sauti nyembamba ya juu kama ya mwanamke. Wengi wangetaraji sauti nzito ya kunguruma. Mimi naona aliyechagua hivi ajua kutisha: kishindo humkimbiza mtu, sauti nyororo humwita akaenda kwa miguu yake.

Mumiani wetu si kama huyu. Jina lenyewe latokana na Kiajemi, nalo lilikuwa la dawa nyeusi mfano wa lami, ya kutibia mifupa iliyovunjika. Watu wakasadiki kuwa yatengenezwa kwa damu ya binadamu, na mwenye kuiwinda damu hiyo akaitwa mumiani. Huyo alikuwa mtu wa nje, na wazee wa enzi ya ukoloni walijua vyema wamwogopa nani. Seward wa Adamo hana wa kumkimbia: kimwangamizacho ni tamaa aliyoizika kifuani akidai haipo.

Basi nawauliza washairi wenzangu. Utenzi nao huimbwa toka ubeti wa kwanza hata wa mwisho, na mumiani tunaye mlangoni. Mwangoja nini?