Wakili Makini Hutambulika kwa Mambo Madogo

Tarakimu moja ikikosewa katika nambari ya shamba, mkataba wa mauzo unaweza kutaja ardhi ya mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana wakili makini haandiki nambari hiyo kwa kuambiwa na muuzaji. Kwanza hupekua rekodi katika afisi ya usajili wa ardhi, kisha hulinganisha majina, nambari na ukubwa na yaliyo kwenye hati miliki na kitambulisho. Huangalia pia kama shamba limewekwa rehani au lina kizuizi cha mahakama. Ikiwa ni makao ya wanandoa, huhakikisha mume au mke wa muuzaji ameidhinisha mauzo.

Jambo la pili ni tarehe. Kwa ardhi ya kilimo, ombi la idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba ufanywe. Bila idhini hiyo, sheria huuhesabu mkataba kuwa batili, na mnunuzi huenda akabaki kudai pesa zake badala ya shamba.

Mahakamani pia muda hausubiri. Madai ya fidia kutokana na uzembe, kama vile ajali ya barabarani, hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dhidi ya Serikali ni miezi 12. Katika kesi za madai, rufaa kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu ina siku 30. Kwa hivyo wakili mzuri huandika tarehe ya mwisho kwenye shajara yake siku ile ile anapopokea faili.

Jambo la tatu ni kumbukumbu. Kila malipo yana risiti, pesa za mteja huwekwa katika akaunti yake maalum, na kila karatasi husomwa upya kabla ya kutiwa sahihi.

Wakazi wanashauriwa kuthibitisha kwanza kuwa wakili ana cheti cha kuhudumu cha mwaka huu, kupitia Chama cha Wanasheria nchini (LSK). Kisha wamuulize swali moja: “Tarehe ya mwisho ya jambo langu ni lini?” Asiyeridhika na huduma anaweza kuwasilisha malalamishi kwa tume ya malalamishi dhidi ya mawakili, iliyo chini ya Afisi ya Mwanasheria Mkuu.