Simu umeifunga, laini je?

Mshikaji anateremka daladala Kariakoo, anapapasa mfuko: simu haipo! "Poa tu," anajitapa, "nimeifunga kwa alama ya kidole."

Pole, ndugu yangu. Mjanja hana haja na kioo chako. Anachomoa laini, anaipachika kwenye kitochi chake, meseji zako zote zinatua kwake, zikiwemo namba za kubadilishia nywila ya Facebook. Usiku huohuo marafiki zako wanaombwa hela kwa jina lako. Kasheshe!

Dawa ipo, na haiuzwi: iwekee laini yenyewe PIN, kwenye mipangilio ya usalama. Ikihamishiwa simu nyingine, haifanyi kazi bila PIN hiyo. Ya kuanzia iulize kwa kampuni ya laini, usibahatishe. Ukikosea mara 3 utadaiwa PUK, tarakimu 8. (Iandike nyumbani, siyo nyuma ya simu kama wengine!)

Na ile waifai ya bure ya baa, isiyo na nywila? Simu huikumbuka kwa jina tu, na jina hilo yeyote anaweza kuupa mtambo wake. Ukishamaliza kinywaji, iamuru simu iisahau.