Magunia ya Likasi na Swali la CASE

Sogeeni, niwasimulie ya ghala moja la kubuni pale Likasi, mji wa shaba ulioitwa Jadotville hadi 1966. Wachimbaji wanaleta malakiti, lile jiwe la kijani, na mpimaji anasema kila gunia lina shaba asilimia ngapi: hili 9, lile 12, jingine 25. Moja halijapimwa. Jioni karani wa kompyuta anaiuliza hifadhidata: ikiwa gunia limepimwa, nipe namba, la sivyo, andika "halijapimwa". Kisha yapange, lenye shaba nyingi litangulie.

Sehemu hiyo ya "ikiwa" na "la sivyo", katika lugha ya SQL, huanza na neno CASE. Tawi moja linatoa namba, jingine linatoa maandishi, na majibu yote yanataka kukaa katika safu moja. Nani atamfuata mwenzake?

Kila programu ya hifadhidata ina jibu lake. MySQL inageuza yote kuwa maandishi, kimya kimya. Hapo ndipo vituko vinapoanza! Maandishi hupangwa kuanzia alama ya kwanza, kama majina kwenye daftari la mahudhurio. Basi 9 inaishinda ile 2 ya 25, na 2 inaishinda 1 ya 12. Orodha inatoka hivi: halijapimwa, 9, 25, 12. Gunia hafifu limempita bingwa, wala hakuna onyo.

PostgreSQL ni kali: inalikataa swali kabla ya kugusa gunia hata moja. Mimi naipendea hilo. SQL Server huipa namba ushindi. Magunia yote yakiwa yamepimwa, mambo ni shwari miezi na miezi, hadi siku lisilopimwa linapoingia. Hapo inajaribu kuligeuza neno kuwa namba, inashindwa, na swali zima linaanguka. SQLite huacha kila jibu na aina yake, ila kwayo neno lolote ni kubwa kuliko namba zote.

Karani akaliondoa lile neno ndani ya swali. Gunia lisilopimwa akaliachia NULL, yaani nafasi tupu, ambayo safu ya namba huipokea. Hakuweka sifuri, maana sifuri ingesema jiwe halina shaba kabisa. Neno "halijapimwa" likaandikwa mwishoni, kwenye skrini tu. Sasa ni 25, 12, 9. Na lile tupu? Katika mpangilio wa kushuka, MySQL huliweka chini; PostgreSQL huliweka juu kabisa, mpaka uiambie NULLS LAST.